STEM Pekee Haimfikishi Mtoto wa Mulot Udaktarini

KUTOKA NG'AMBO YA AMALA
Na Hellen Chepng'eno

Mtoto wa Gredi ya 9 ana miaka 14 au 15. Katika umri huo Serikali inamtaka aseme kama atakuwa daktari. Haulizwi hivyo waziwazi, bila shaka. Anaambiwa ajaze fomu: achague mkondo, kisha masomo matatu, kisha shule 12. Lakini kwa anayeota kusomea udaktari, fomu hiyo ndiyo mlango wenyewe. Wanaojua wameshaingia, na wasiojua wamefungiwa nje wala hawana habari.

Nasema hawana habari kwa sababu wazazi wengi wa huku Mulot wameridhika na herufi nne: STEM. Mtoto akipata STEM, basi, udaktari umo humo ndani. Haumo. Mkondo huo una matawi matatu: sayansi tupu, sayansi tumizi na masomo ya kiufundi. Mwanafunzi anaweza kukaa STEM miaka yote mitatu akisomea umeme au ujenzi, akatoka na alama za kujivunia, na asiweze hata kuomba nafasi ya udaktari. Sidharau masomo hayo. Fundi umeme hodari wa hapa sokoni anakula vizuri kuliko mimi niliyefundisha Kemia hadi nikastaafu. Ila akienda huko, aende kwa kutaka, si kwa kudhani yuko njiani kuelekea wadini.

Kanuni yenyewe si siri. Chini ya 8-4-4, KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo vikuu, humhesabia mwombaji wa udaktari masomo manne: Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na la nne ambalo kwa wengi huwa Kiingereza au Kiswahili. Kila somo lina pointi 12, jumla 48, na Nairobi, Moi au Egerton huchukua waliokaribia kilele. Ina maana kwamba msichana aliyeacha Fizikia Kidato cha Tatu bado yumo, mradi Hisabati yake ni imara. Aliyeacha Baiolojia ametoka, hata kama ana A kila mahali. Nimewaona wasichana werevu wakiitupa Baiolojia kwa kuwa ina maneno mengi na kung'ang'ania Fizikia kwa kuwa waliambiwa ndiyo ya vichwa. Walioshika Fizikia na Kemia kwa ajili ya uhandisi walijua wanachofanya. Waliotaka udaktari hawakujua.

Watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 watafanya KCSE 2027, na hao wameshachagua. Wa mtaala wa umilisi, waliofanya KJSEA ya kwanza 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari mwaka huu, watabisha hodi vyuoni 2029. Sioni chuo chochote cha udaktari kitakachosamehe Baiolojia na Kemia. Mwili wa binadamu haukubadilika kwa sababu mtaala umebadilika. Kwa hiyo anayejaza fomu mwaka huu na aandike Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati haina haja ya kuhangaikiwa hapo: baada ya kelele za mwaka jana ilirudishwa kuwa ya lazima kwa wote, ile nzito kwa STEM na ile nyepesi kwa mikondo mingine.

Desemba iliyopita, watoto walipokwisha kupangiwa shule, nilikuwa kwenye saiba moja karibu na stendi. Baba mmoja aliyekuja na binti yake alinitambua.

"Mwalimu, hapa pameandikwa STEM. Si ndiyo ya madaktari?"

"Baba, hebu asome masomo matatu yaliyo chini yake."

Binti akaisogeza simu karibu na uso. Kilimo. Kompyuta. La tatu nalo halikuwa Kemia wala Baiolojia. Nikamuuliza ni nani aliyemchagulia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba shule zilizo karibu na kwao hazina maabara ya maana, na mwalimu aliwashauri wachukue masomo ambayo hayatawatesa. Baba yake akanitazama mimi, kisha akamtazama kijana wa saiba, kana kwamba mmoja wetu angeweza kubonyeza kitu.

Mwalimu huyo simlaumu sana. Alisema ukweli kuhusu shule, na hapo ndipo penye kidonda. Katika KCSE, karatasi ya tatu ya Kemia, ile ya majaribio, ina alama 40 kati ya 100. Vivyo hivyo Baiolojia, vivyo hivyo Fizikia. Mtoto anaweza kukariri kitabu kizima na bado zile 40 zikamponyoka, kwa sababu zinataka mikono. Chukua titresheni. Unajaza asidi kwenye bureti (sisemi Bureti ya kina Litein, nasema bomba la kioo lenye mistari). Unafungua koki, unatikisa chupa kwa mkono wa pili, na macho hayabanduki kwenye rangi. Matone yanaingia moja moja. Tone moja linageuza rangi na hapo hapo unafunga. Ukichelewa matone mawili matatu, rangi imekolea na jibu limeharibika. Kisha unasoma bureti jicho likiwa sawa na mstari, hadi desimali ya pili. Jambo hilo halifundishwi ubaoni. Mtoto anahitaji kulirudia tena na tena, avunje bureti moja au mbili, akemewe, arudie. Nimesimamia vyumba vya mtihani ambamo watahiniwa walikuwa wakiligeuza bomba hilo kutafuta upande wa juu.

Kwa hiyo ninapoambiwa kila sekondari ya juu nchini inatoa STEM, nauliza inaitolea wapi. Shule ya kutwa yenye maabara moja iliyogeuzwa stoo ya mahindi ya chakula cha mchana, na mwalimu mmoja wa Kemia aliyeajiriwa na bodi kwa karo ya wazazi, inatoa STEM kwenye karatasi. Wakati huo huo nenda kwenye sherehe za shule uone mheshimiwa anakabidhi nini. Basi. Basi jipya la manjano, jina la NG-CDF ubavuni kwa herufi kubwa kuliko jina la shule. Tunapiga vigelegele, tunapanda, tunazunguka uwanja. Sijawahi kualikwa sherehe ya kukabidhi bureti, na naelewa kwa nini: bureti haina ubavu wa kuandikwa jina. Lakini basi hilo litawapeleka watoto kwenye mashindano ya muziki na kuwarudisha kwenye maabara iliyofungwa.

Wapo wanaouliza kama udaktari unastahili usumbufu huu wote. Ni swali la haki. Masomo yenyewe ni miaka sita, kisha mwaka wa uanagenzi. Machi hadi Mei 2024 madaktari waligoma siku 56, na kiini cha ugomvi kilikuwa wanagenzi hao: mkataba wa 2017 ulisema Sh206,400 kwa mwezi, Serikali ikataka kuwapa Sh70,000. Wengine walikaa nyumbani na digrii zao wakisubiri kupangiwa hospitali. Kisha kuna karo. Jamaa zetu wa juu kwenye chai, Konoin na Kericho, walau wana bonasi ya Oktoba ya kuilipia, ingawa wanajua bonasi yao hailingani na ya Kirinyaga. Sisi wa huku chini mpakani mwa Narok tuna mahindi, ng'ombe na mvua isiyoaminika. Halafu tuna ile sifa nyingine. Ukisema Nairobi unatoka Mulot, mtu anashika simu yake kwanza. Vijana wetu wachache wamelifanya jina la mji huu kuwa jina la utapeli wa laini za simu, na mtoto wa Gredi ya 9 anawaona wakiendesha magari wakati daktari mwanagenzi anaandamana barabarani. Hatuwezi kujifanya hilo halimo kwenye hesabu zake.

Pamoja na hayo, tunawahitaji madaktari, na tunawahitaji watokao hapa hapa. Hospitali ya Tenwek ilianza 1937 kama zahanati ya wamisionari. Daktari Ernest Steury alifika kutoka Marekani 1959. Leo hospitali hiyo inafunza madaktari wapasuaji na inapasua moyo. Miongoni mwa wagonjwa wanaojaa huko ni wa saratani ya umio, ugonjwa ulioenea eneo hili kuliko sehemu nyingi za dunia. Vinywaji vya moto mno vinashukiwa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha ugonjwa huo, na nani asiyejua tunavyokunywa chai huku, ikiwa bado inachemka kikombeni? Kogo, yaani nyanya, wa Kipsigis anayefika hospitali ya Longisa akisema chakula kinakwama hasemi kwa Kiingereza, na mara nyingi hata si kwa Kiswahili. Mjukuu anamtafsiria, naye mjukuu ana miaka 11 na anaona haya kutaja baadhi ya mambo. Tabibu anayejua Kipsigis angeuliza mwenyewe: tangu lini, kigumu au hata uji?

Nimetaja tabibu kwa makusudi. Atakayekosa pointi za udaktari si lazima aende nyumbani. Diploma ya utabibu pale KMTC huombwa na mwenye alama ya wastani ya C, na uuguzi nao uko wazi. Ndio matabibu wanaokupokea saa nane za usiku katika vituo vingi vya afya vya kaunti hii. Ila huko nako wanataka Baiolojia, na kwa utabibu Kemia haikwepeki. Yule binti wa saiba alifungiwa milango yote miwili kwa fomu moja.

Mzazi mwenye mtoto Gredi ya 9, kabla ya kujaza hizo shule 12, panda matatu uende uzione zile zilizo karibu, siku ya masomo, si siku ya sherehe. Salimia, kunywa chai yao, kisha omba ufunguliwe maabara. Uliza Gredi ya 10 wameingia humo mara ngapi muhula huu na nani anawafundisha Kemia. Wakikuambia funguo ziko kwa mwalimu ambaye leo hakuja, andika shule nyingine.