Mgeni, Jembe na Karatasi ya Komine

Kila mara tunaporudi Lubumbashi kwa kilio ao kwa ndoa, hatumalizi siku mbili bila kusikia maneno yale yale. Wanatupatia kiti, wanatupatia maji, halafu mtu mmoja wa jamaa anaanza: "Bandugu yetu ba Bulaya balisha kuwa Bazungu. Beko na manyumba, beko na feza, paka kupokea muntu njo hapana." Watu wanacheka, na sisi tunacheka pamoja nao, lakini kicheko hicho kinatuchoma. Hata wasomi wetu wameanza kuandika kwamba Ulaya imeua ukarimu wa wakubwa. Sisi tunaoandika hapa, bwana na bibi, tunaishi Bruxelles tangu mwaka wa 2001. Tumenyamaza vya kutosha.

Tuanze na methali ambayo kila mtu anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi watu wanaitaja kama mzaha wa kuchekesha mezani. Wakubwa hawakuwa wanafanya mzaha. Walisema kwamba siku mbili nyumba inamtumikia mgeni, na kuanzia ya tatu mgeni mwenyewe anaingia katika hesabu ya nyumba, mikono yake pamoja na kinywa chake. Tena hizo siku mbili hakuna mtu aliyezibeba peke yake. Mgeni alilala kwa mmoja, alikula kwa mwingine, maji ya kuoga yalichotwa na mabinti wa jirani, na jioni wazee wote walikuja kumwongelesha. Leo wanatusomea nusu ya kwanza ya methali, ile ya kuku, na jembe wanalisahau.

Tutajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kijiji, na kwamba Lubumbashi ni mji. Vema, tuzungumze juu ya mji. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Posho ilipimwa kwa kuhesabu vichwa: mume, mke, watoto. Ndugu aliyetoka Kasai ao Luapula hakuwa ndani ya hesabu ile. Alipofika, unga wa watu watano ukawa wa watu saba, na mkubwa wa kambi naye alitaka kujua ni nani huyo aliyelala pale. Nkambo zetu walifanya nini? Walimkaribisha, ndiyo. Lakini upesi mgeni alijua mambo yalivyo, kwa sababu aliona kwa macho yake mfuko wa unga ukiisha mbele ya siku yake. Alienda shambani na mama wa nyumba, alikata kuni, alitafuta kazi. Sasa wale wanaotuambia kwamba zamani mgeni alikaa kadiri alivyopenda, bila kuguswa, wanatusimulia zamani ya nani?

Tuje Bruxelles. Mtu wa kwetu anayetaka kututembelea anahitaji viza ya Schengen, na tangu Juni 2024 bei yake ni euro 90, ikubaliwe ao ikataliwe. Anahitaji asiransi ya safari ya euro 30.000 angalau. Na kama hana feza za kutosha kwa jina lake mwenyewe, sisi wenyeji tunaenda komine na karatasi zetu za mshahara, tunatia sahihi kile kinachoitwa "prise en charge". Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Sahihi ile inasema kwamba kwa muda wa miaka 2 tangu mgeni aingie, sisi tunadaiwa pamoja naye: hospitali akigonjwa, chakula na malazi, hata feza ya kumrudisha kwao kama serikali ndiyo iliyomrudisha. Hatujui mila yoyote ya kwetu iliyomwandikia mwenyeji deni la namna hii. Na mgeni akiisha kufika, kama hakulala hotelini, ana siku 3 za kazi za kwenda kujionyesha kwenye komine. Siku ya tatu tena! Kwetu siku ya tatu ni jembe, kule ni karatasi. Tofauti ni kwamba jembe lilileta kitu nyumbani.

Halafu nyumba yenyewe. Vyumba viwili na saloni, etaji ya nne. Mmoja wetu anatoka saa kumi na nusu ya usiku kwenda kusafisha maofisi mbele wafanyakazi hawajafika, mwingine anapeleka watoto masomoni na kukimbilia tramu. Mwezi wa Desemba jua linatoka baada ya saa mbili na nusu. Shangazi yetu mmoja alikuja wakati huo kwa wiki tatu. Yeye ni mtu wa lupango, amezoea kwamba ukiamka kuna mtu nje anafagia, kuna mtu anapita kuuliza habari. Pale aliamka ndani ya giza na hakukuta mtu. Siku ya tatu alipiga simu Lubumbashi: "Bananiachaka miye moya mu nyumba, kutoka asubui mpaka mangaribi." Ilikuwa kweli. Sisi tuliona kwamba tumejitoa sana, maana tulimpa kitanda chetu na kulala chini kwenye saloni. Yeye aliona kwamba ametupwa. Siku ya posho tulimpeleka Matonge ya Ixelles, ule mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, tukanunua sombe na unga wa bukari, na siku hiyo moja alicheka. Basi.

Hayo ni madogo. Kubwa ni hili. Mwaka wa 2011 tulitia sahihi kwa ajili ya mtoto wa yaya yetu, kijana aliyekuja kwa mwezi mmoja. Siku ya kurudi, tuliporudi kazini, valize yake haikuwepo. Hatukujua alikoenda. Hakuna fakitire iliyotufikia, lakini kwa miaka 2 kila barua ya serikali tuliifungua kwa mikono inayotetemeka. Mwaka wa 2012 mama yetu mzazi aliomba kuja kuona wajukuu. Viza ikakataliwa. Hatuwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya kijana yule, maana barua ilisema tu kwamba haikuonekana wazi kama mama angerudi kwao. Mama huyo wa miaka 71, mwenye nyumba yake, kuku zake na kanisa lake! Alikufa mwaka wa 2014 bila kumbeba mtoto wetu wa mwisho. Na kwenye kilio, yaya yule yule alisimama mbele ya watu: "Mama alilomba kuona batoto, bao njo balikatala." Tulinyamaza, kwa sababu mbele ya maiti ya mzazi mtu habishani.

Sasa tunasema. Lakini tukisema, inafaa tuseme yote, maana kosa si la yaya peke yake. Yaya angejuaje uzito wa sahihi ile? Hatukumwambia kamwe. Kwa miaka kumi tulituma foto tukisimama karibu na motokari ya jirani. Kila mwisho wa mwaka tulituma feza tulizokopa, na kwa simu tulisema, "Kazi iko muzuri, tuko sawa." Neno "kusafisha" halikutoka kinywani mwetu hata mara moja; tulisema tunafanya kazi "mu biro", na kweli biro zilikuwepo, tulipangusa meza zake. Kijana aliyekulia ndani ya foto zile alifika akakuta matandiko kwenye saloni, akafikiri tunamficha mali. Labda ndiyo sababu aliondoka bila kuaga. Nkambo kambini hakuweza kuficha mfuko wake wa unga. Sisi tuliuficha wetu, kisha tukakasirika kwamba wageni hawakuona kuwa unaisha.

Wako kati yetu wanaozima telefone siku ndege inapotua Zaventem. Wako pia wanaomlipisha mdogo wao godoro kwa usiku. Hao hatuwatetei, na wasijifiche nyuma ya makala hii. Lakini tunawakatalia vilevile ndugu wa kwetu wanaofikiri kwamba mtu akivuka bahari amekuwa kijiji kizima peke yake: mpishi, dereva, benki, na mwisho mtu wa kujaza valize ya kurudia. Mama wa nyumba anayetoka kazini saa saba, anayepika bukari kwa wageni wanne waliokaa mbele ya televisheni, halafu analala saa nne ili aamke saa kumi, huyo hatendewi kadiri ya mila yoyote ya Katanga. Anatendewa kama boyi. Na mara nyingi wanaomtendea hivyo ni wanaume wenye diploma, ambao huku wanatoa hotuba juu ya desturi zetu.

Tangu kilio cha mama tumebadilisha namna yetu. Mtu akituandikia kwamba anataka kuja, tunamjibu mbele hajanunua tikiti, na tunamwambia yote: kazi tunazofanya, mshahara wetu, kitanda kilipo, sahihi inatufunga namna gani. Tunamwambia pia kwamba kuanzia siku ya tatu atatufaa kwa hiki na hiki: kupokea watoto wakitoka masomoni, kupika mara mbili kwa wiki, kutoa mifuko ya takataka, mweupe, wa buluu, wa manjano na wa rangi ya chungwa, kila mmoja siku yake. Wawili walikasirika na hawakuja. Mmoja wao alisema tumemwajiri bila mshahara. Hatukumbembeleza.

Mwezi wa saba anakuja binti wa mjomba, mwalimu wa sekondari, kwa wiki nne. Tulimwandikia barua ndefu, kurasa tatu, na tuliogopa kidogo wakati wa kuituma. Jibu lake lilikuja asubuhi yake: "Hakuna neno, bayaya. Muniambie tu saa gani batoto banatokaka ku masomo, na kama kapenta banaiacha ipite ku ndege."