Swali la Hoja Halikaririwi



Wapo vijana wetu wa Bukoba na Muleba waliomaliza shahada ya kwanza na wanaotamani kusoma uzamili nje ya nchi. Vyuo vingi vya biashara huko hutaka mtihani uitwao GMAT. Ndani yake yamo maswali ya hoja: unapewa aya fupi yenye dai, kisha unaulizwa ni jambo gani litalidhoofisha, au mwandishi amechukulia nini bila kukitaja. Maswali hayo, pamoja na ya ufahamu, ni 23 kwa dakika 45. Hata dakika mbili kwa swali hazitimii.

Rai yangu ni kwamba mazoezi haya yaanze hapa madrasa, wala tusingoje mtu afike chuo kikuu.

Tuchukue mfano wa kibanjani. Mtu anasema: "Wakulima waliotia samadi migomba yao haikunyauka, wasiotia ikanyauka. Basi samadi huzuia mnyauko." Nini kitadhoofisha hoja hii? (a) Samadi imepanda bei. (b) Wenye kutia samadi ndio hao hao wanaopitisha visu kwenye moto na kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda. (c) Kahawa nayo inahitaji samadi.

Wengi hukimbilia (a) au (c) kwa kuwa zinaweza kuwa kweli. Lakini ukweli wake hauligusi dai. Jibu ni (b). Mnyauko wa migomba huletwa na bakteria, na hao huenezwa na visu vichafu na wadudu wanaotua kwenye ua dume. Huenda basi kilichookoa migomba ni kisu safi. Angalieni pia kwamba (b) haisemi samadi haina faida. Inaonyesha tu kuwa ipo sababu nyingine ambayo msemaji hakuitazama. Mwanafunzi akishalielewa hilo, amepata nusu ya somo.

Kukariri ni neema, na aliyehifadhi juzuu asidharauliwe. Ila anayekariri majibu ya maswali ya zamani ataletewa aya mpya na kukwama.

Wapo wazazi wanaohofu kuwa mtoto akizoea kuhoji atapoteza adabu, au imani itatikisika. Hofu hiyo naielewa, lakini siikubali. Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifungua kitabu chake cha usulul fiqhi, Al-Mustasfa, kwa utangulizi wa mantiki. Hata Ibn Taymiyya, aliyeandika kuipinga mantiki ya Wayunani, aliipinga kwa hoja!

Na kiyasi tunachofundishwa ni nini? Qur'ani imetaja kuacha biashara inapoadhiniwa Ijumaa. Wanazuoni wakatafuta illa, wakaona ni kushughulishwa na swala, ndipo wakaingiza na mikataba mingine kama ya kukodisha. Kazi ya kuitafuta illa na kuipima ndiyo hiyo hiyo anayotakiwa mtahiniwa.

Kwa hiyo ustadhi atenge robo saa kwa wiki. Wanafunzi wasome aya moja, wataje kwanza hitimisho, kisha ushahidi, kisha kile kilichorukwa, ndipo watazame majibu. Saa ya kuhesabu dakika ije baadaye. Na nyumbani, mtoto akiuliza kwa upole "umejuaje, baba?", ajibiwe.

Tuanze na hili. Ustadhi mmoja aliona kuwa wanafunzi wa safu ya mbele hufaulu kuliko wa nyuma. Akaamua kuwahamishia mbele walioshindwa, ili nao wafaulu. Amechukulia jambo gani bila kulitaja?