Kabaila aliuawa, ukabaila ukabaki

Na Hamisi Mbwambo

Februari 22, 1452, William Douglas, kabaila mkubwa kuliko wote kusini mwa Uskoti, alikuwa mgeni katika ngome ya Stirling. Mkononi alikuwa na hati ya Mfalme James II ya kumhakikishia usalama. Baada ya chakula cha usiku, mfalme huyo wa miaka 21 alimtaka avunje mapatano aliyofunga na makabaila wa Crawford na Ross. Douglas akakataa. Mfalme akachomoa kisu, akamchoma kwa mkono wake. Watu wake wakammalizia. Juni, Bunge likamsafisha mfalme.

Wapo watakaosema fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa Uskoti ya karne ya 15, mimi nakataa. Mfalme hakuwa na jeshi la kudumu wala kodi ya uhakika ya kulilipa. Wezi wa ng'ombe wa mpakani wahukumiwe, wanaume wakusanywe kupigana na Waingereza: yote hayo yalifanywa na bwana wa eneo, mwenye ardhi, ngome na watu wake. Kilichomtia James hofu ni mapatano yaliyounganisha kusini na kaskazini huku yeye akirukwa.

Mwaka 1455 aliwavunja kabisa akina Douglas. Ngome yao ya Threave ilizingirwa kwa mizinga, na hata hivyo walinzi walihongwa ndipo wakasalimu amri. Ardhi ikataifishwa. Sehemu yake Bunge lilizuia isigawiwe ovyo, lakini bonde lenyewe la Douglas alipewa George Douglas wa Angus, wa tawi jingine la ukoo uleule. Kitukuu chake, Archibald, ndiye aliyemshikilia mfalme kijana James V kuanzia 1526, akitawala kwa jina lake, hadi mfalme alipotoroka mwaka 1528.

Katika visiwa vya magharibi mwa Uskoti mambo yakawa yaleyale. James IV, mjukuu wa James II, alifuta enzi ya ukoo wa MacDonald huko mwaka 1493, na walionenepa ni makabaila wengine, Campbell wa Argyll na Gordon wa Huntly.

Kwa hiyo wanaomsifu James II kwa kumwangusha Douglas wanamsifu kwa kazi iliyo nyepesi. Mtihani wa mfalme wa namna ile ulikuwa kuchagua nani arithi ardhi ya aliyeanguka, na kwa masharti gani. Katika mtihani huo alifeli, na deni likalipwa na kitukuu chake mwenyewe, James V.