Tusiache Mbachao: Rai Juu ya Kompyuta Yetu Kuukuu

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu ujao liko jambo moja ambalo Kamati itataka rai yenu, nalo ni hili: kompyuta ya ofisi yetu ibadilishwe kwa mpya, au itengenezwe ile ile tuliyo nayo? Katibu hana haki ya kuwaamulia wanachama, lakini anao wajibu wa kuwaeleza anayoyajua. Basi nimeona bora niandike rai yangu hapa, ili kila mmoja aipime nyumbani kwake kabla ya siku yenyewe kufika.

Shida yenyewe wengi mnaijua. Msimu uliopita alikuja ofisini bibi mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, kuuliza hesabu ya karafuu alizopeleka. Nikamkaribisha kiti, nikafungua daftari katika kompyuta, na kompyuta ikakaa kimya. Mimi nikangoja, naye akangoja. Ilipofika adhuhuri aliaga, akarudi kwao bila ya jibu. Hakusema neno baya, lakini uso wake niliuona. Mtu akicheleweshewa hesabu ya mali yake shaka humwingia, na shaka ikishaingia katika chama haitoki kwa urahisi. Kwa hivyo jambo hili, ingawa ni la mashine, mwisho wake ni la uaminifu baina yetu.

Tangu siku ile baadhi ya wenzetu wamesema, "Nunueni mpya." Wengine wamesema, "Tieni prosesa kubwa zaidi, itakwenda mbio." Rai zote mbili naziheshimu, na mimi mwenyewe nilikuwa pamoja na hawa wa pili, mpaka nilipokwenda Kasulu.

Kasulu na Kibondo ni wilaya za Mkoa wa Kigoma, katika nchi ya juu iliyo karibu na mpaka wa Burundi. Dada yangu ameolewa huko na mwalimu, nami nilikwenda kumtazama baada ya msimu kwisha. Ni nchi ya maharage, mihogo, kahawa na asali, yenye baridi asubuhi na vumbi jekundu wakati wa kiangazi. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya kuivuka nchi kutoka pwani mpaka magharibi, na umeme wa miji ile kwa miaka mingi ulikuwa wa majenereta ya dizeli, mpaka mwaka 2022 ilipofika gridi ya taifa. Nasema haya ili mjue kwamba vipuri vya kompyuta huko aghalabu huagizwa kutoka mbali. Kitu kikiagizwa kimakosa, kukirudisha ni kazi, na nauli yake huenda ikapita thamani yake. Kwa sababu hiyo wenyeji wamejifunza kupima kwanza na kununua baadaye. Somo hilo latufaa sisi watu wa kisiwani, maana nasi baina yetu na duka ipo bahari.

Shemeji yangu alinipeleka katika chumba cha kompyuta cha skuli anayosomesha. Zilikuwamo kompyuta za mezani kuukuu, za mtindo wa mwaka 2011. Nikamwuliza, "Shemeji, hizi si za kutupa?" Akacheka, akasema, "Keti kwanza shemeji, uandike barua, halafu uniambie." Nikaketi mbele ya moja, ikasita kama hii yetu. Akanihamishia ya pili, iliyofanana nayo kwa sura na kwa umri, na hiyo ikafunguka kabla sijavuta kiti vizuri. Prosesa zao zilikuwa namna moja. Tofauti ilikuwa memori, iliyokuwa GB 2 ikafanywa GB 8, na diski ya zamani yenye kuzunguka imetolewa ikatiwa ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake.

Kwetu sisi wenye karafuu sababu yake si ngumu kufahamu. Diski ni ghala, ambamo mali yote hukaa. Memori ni jamvi, ambapo humwagwa zile zinazofanyiwa kazi kwa wakati huo. Prosesa ni mtu aliyekaa juu ya jamvi akichambua. Sasa, mleteni mchambuaji hodari kuliko wote wa kisiwani. Ikiwa jamvi lake linaenea pishi moja tu, atashinda njiani, kwenda ghalani na kurudi, na mikono yake haina kazi. Kompyuta nayo, memori ikijaa, huanza kuweka na kuchukua vitu diskini kila mara, na diski ya kuzunguka ni nzito mno kwa kazi hiyo. Huko ndiko kukaa kimya kulikomrudisha bibi yule kwao.

Niliporudi sikutaka kuamini kwa kuona ya watu tu, nikaipima yetu. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Windows hukuonyesha kila sehemu inatumika kwa kiasi gani. Nikafungua daftari la wanachama na barua mbili. Memori, ambayo ni GB 2, ilijaa karibu yote. Diski ilikuwa ikihangaika. Prosesa haikufika hata robo ya nguvu zake. Basi tungenunua prosesa mpya tungekuwa tumemwajiri mchambuaji wa pili, ilhali wa kwanza amekaa bure.

Wala si hayo tu. Kubadili prosesa kuna mitego ambayo kuongeza memori hakuna. Nikiwa huko nilifika Kibondo na shemeji, kwa rafiki yake mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Yeye alikuwa na kompyuta ya mwaka 2011 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha pili, akaagiza prosesa ya kizazi cha tatu, yenye nguvu zaidi. Alikuwa mwangalifu: alijua kwamba soketi ya LGA 1155 haipokei prosesa ya LGA 1150 iliyotoka mwaka 2013, akahakikisha kuwa aliyoagiza ni ya 1155. Ikaingia sawasawa. Alipowasha, kioo kikabaki cheusi. Mazabodi yake ilikuwa ni katika zile zisizokitambua kizazi cha tatu, ijapokuwa tundu ni moja. Prosesa ile sasa iko rafuni, na kila ajaye na shauri la kununua huonyeshwa. "Kaka," aliniambia, "kuingia si kukubaliwa." Maneno hayo nimerudi nayo.

Basi atakaye kubadili prosesa, hapana budi ajue jina kamili la mazabodi yake, atazame orodha ya prosesa inazozikubali, na aulize kama programu ya ndani ya mazabodi, iitwayo BIOS, yataka kusasishwa kwanza. Tena atazame wati zake. Prosesa ya wati 95 ikitiwa mahali pa ile ya wati 65 hutoa joto zaidi, na feni ndogo ya zamani huenda isilishinde. Na kila prosesa itolewapo, ule utomvu wa kupitishia joto ulio baina yake na feni haurudiwi. Hufutwa ukapakwa mpya.

Memori nayo ina masharti yake, ila ni mepesi. Memori ya DDR2, ya DDR3 na ya DDR4 hazibadilishani. Pengo la ukingoni liko mahali mbalimbali, na anayelazimisha huvunja. Memori ya kompyuta ya mapajani ni fupi, haikai katika ya mezani. Na mjihadhari na vijiti vya bei ndogo mno vilivyotolewa katika seva, kwani aina yake iitwayo rejista haifanyi kazi katika kompyuta za kawaida. Vijiti viwili vya GB 4 vilivyo sawa ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu viwili hufanya kazi bega kwa bega. Mwisho, Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 hata ukitia nyingi, kwa hivyo iwe ya biti 64.

Sasa niseme na yale yanayoipinga rai yangu, maana si haki kuyaficha. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa masharti yake rasmi, upande wa Intel yataka prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Mazabodi ya mwaka 2011 haiwezi kuzipokea kabisa. Kwa hivyo memori itaipa kompyuta yetu wepesi, lakini haitaipa ulinzi mpya. Ndugu anayesema tununue mpya ana hoja hapo, nami naikubali.

Lakini iko njia ya kati. Mfumo wa Linux, kwa mfano Linux Mint, hupatikana bure, huendelea kupata ulinzi, na hukaa vizuri katika mashine ya umri huo ikiwa ina memori ya kutosha. Programu ya LibreOffice, nayo bure, hufungua majedwali tuliyoyaandika kwa Excel. Kazi yetu ni daftari la wanachama, hesabu za magunia, barua na jarida hili. Kazi hiyo haihitaji zaidi. Siku itakapotufika kazi isiyowezekana ila kwa Windows 11, siku hiyo tutanunua mpya, na fedha tulizoziweka zitakuwapo.

Rai yangu basi ni hii. Kwanza, kabla bisibisi haijagusa kitu, madaftari yote yanakiliwe mahali pawili, na moja liwekwe nje ya ofisi. Pili, itiwe memori ya GB 8 na diski ya SSD. Tatu, sanduku lifunguliwe na kusafishwa. Kule Kasulu adui ni vumbi jekundu, kwetu ni chumvi ya bahari, na miguu ya memori hufutwa taratibu kwa raba. Anayefungua achomoe waya wa umeme kwanza, kisha aguse chuma cha sanduku, umeme wa mwilini mwake usije ukaua vipuri. Nne, betri ndogo ya CR2032 ibadilishwe, kwa kuwa ikifa saa ya kompyuta hupotea, na risiti yenye tarehe ya uongo ni fitina. Tano, prosesa iachwe kama ilivyo.

Gharama ya hayo yote ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Nitaleta mkutanoni bei za maduka yasiyopungua matatu, zikiwa zimeandikwa, na mwanachama yeyote atakayepata bei ndogo zaidi azilete nazo.

Wazee wetu walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Walisema pia usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu umechakaa, sikatai, lakini bado unakalika. Tukiupanua kidogo, bibi yule akija msimu ujao atapewa hesabu yake kabla kikombe cha chai hakijapoa. Mimi hilo ndilo ninalolitaka. Anayeona kinyume chake na aje mkutanoni aseme, na litakaloamuliwa na wengi nitalitimiza.

Wenu katika kazi za chama,
Katibu