Tusiwapigie Vigelegele Wanaokula Jasho la Vibarua

Jumamosi iliyopita, kwenye ghorofa linalojengwa mtaani kwetu, vijana waliobeba zege tangu alfajiri walikaa juu ya matofali wakisubiri posho mpaka giza likaingia. Tajiri akapita na gari lake, akashusha kioo nusu: “Njooni Jumatatu.” Kesho yake tajiri huyohuyo alisimama kwenye harambee ya kanisa, akaahidi mifuko ya saruji, nasi tukampigia vigelegele. Mama ntilie aliyewalisha vijana wale kwa mkopo alikuwa amekaa benchi la nyuma.

Sababu za vijana kuvumilia haya mnazijua: kazi haba, mkataba wa mdomo, na wengine kumi wamesimama getini wakingoja nafasi yako.

Lakini dini zetu hazikunyamaza. Walawi 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa aliyemwajiri hadi asubuhi. Nabii Yeremia, sura ya 22, alimvaa mfalme Yehoyakimu kwa kosa hilihili, kujijengea jumba kwa nguvu za watu asiowalipa, akamtabiria maziko ya punda. Mfalme, jamani! Sisi mzee wa kanisa mwenye gari anatushinda. Mtume Muhammad (S.A.W.) ameagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, anayemtumikisha mtu kisha akamnyima ujira ni mmoja wa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Papa Leo XIII alitoa waraka mzima juu ya hali ya wafanyakazi mwaka 1891. Tunasubiri nani mwingine aje atuambie?

Anayedhulumu kibarua kisha akatoa sadaka, anatoa mali ya kibarua. Kamati inayoipokea huku ikijua, nayo ni mshirika wake, hata ikifungua kikao kwa sala ndefu.

Basi ndugu waumini, Ijumaa hii na Jumapili hii tumwendee imamu, tumwendee mchungaji, tumwombe ayasome mafundisho haya mimbarani, tena siku matajiri wapo. Kabla ya harambee, kamati itume mtu saiti akawaulize mafundi: huyu mnamdai? Anayedaiwa akalipe kwanza, saruji yake itasubiri. Kijana aliyedhulumiwa asiachwe aende peke yake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwenye kalamu amwandikie madai, mwenye nauli amsindikize, na haraka, kwani kwa Tanzania Bara madai ya mshahara yana siku 60 tu.

Nawe unayetikisa kichwa ukimlaani tajiri, dada wa kazi nyumbani kwako umemlipa? Au bado “unamtunzia”? Nakusihi, mkabidhi hela yake mkononi leo, kabla hujavaa nguo za ibada.