Mzee wa kijijini naye ni chanzo, atajwe

Kila likizo kubwa wanafunzi wa vyuo vya Lubumbashi hufika kwetu Lukafu na madaftari yao, kutafuta wazee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa, kwa hiyo wengi huanzia kwangu, nami huwapeleka nyumba kwa nyumba. Huuliza habari za zamani, wakati Lukafu ilipokuwa makao ya Comité Spécial du Katanga, chombo cha kikoloni kilichoitawala Katanga, kabla ya Élisabethville (Lubumbashi ya leo) kuanzishwa mwaka 1910. Wazee hawana ubahili. Hukaa nao mchana kutwa, wakaeleza waliyosikia kwa baba na babu zao.

Mwaka jana TFC moja, yaani kazi ya kumaliza mzunguko wa masomo chuoni (travail de fin de cycle), ilinifikia. Ndani yake nilikuta kurasa tatu za maneno ya mama mzee, jirani yangu, kuhusu babu yake aliyebebeshwa mizigo ya Wazungu. Kila kitabu cha Kifaransa kilikuwa na mwandishi, mwaka na ukurasa chini ya karatasi. Mama huyu alikuwa ameandikiwa tu: “kulingana na habari zilizokusanywa kijijini.” Nilipomsomea, aliuliza: “Na jina yangu iko wapi?”

Huo ni wizi, na nauita hivyo bila kuupunguza. Vyuoni walimu wanapiga vita kazi zilizonakiliwa kwenye intaneti na TFC zinazonunuliwa kwa wachapaji wa mjini, na wanafanya vema. Lakini aliyenakili kitabu anaweza kukamatwa, maana msimamizi atakifungua kitabu chenyewe na kulinganisha. Aliyechukua maneno ya mama wa Lukafu nani atamkamata? Mama hasomi Kifaransa, na kama isingenifikia mimi, kazi hiyo isingemfikia kamwe.

Tena kuficha jina kunafungua mlango wa uongo. Mwanafunzi ambaye hakutia mguu hapa anaweza kukaa chumbani mwake mjini na kuandika “wazee walisema,” akapata pointi. Jina, kijiji na tarehe humwezesha msomaji kwenda kuuliza mwenyewe. Chanzo kisichoweza kufuatiliwa hakithibitishi kitu.

Wapo wakubwa wa vyuo wasemao mzee hana mwaka wa kuchapishwa wala ukurasa. Mwanahistoria Jan Vansina, aliyefanya utafiti wake hapa Congo, alilijibu jambo hilo tangu mwaka 1961 katika kitabu chake De la tradition orale: masimulizi ya mdomo ni ushahidi wa historia, nayo yapimwe kwa kujua nani amesema na yeye aliyapokea kwa nani.

Mfano mwingine tunao hapa hapa Katanga. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili chetu historia ya mji wa Élisabethville, jinsi walivyoijua watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Profesa Johannes Fabian alipoitoa kama kitabu mwaka 1990, aliweka maneno ya Kiswahili yenyewe pamoja na tafsiri na maelezo yake, na jina la Yav likaingia katika anwani ya kitabu. Msomaji anaona wazi yapi ni ya Yav na yapi ni ya profesa. Basi mwanafunzi wetu anashindwa nini?

Najua wazee wengine huogopa kuandikwa, na wana sababu zao. Kwa hiyo waombwe ruhusa kwanza. Mimi mwenyewe sikulitaja hapa jina la jirani yangu, maana alilitaka kwenye TFC, hakulitaka gazetini. Anayekataa aandikwe hivi: mama mkulima, Lukafu, tarehe fulani, alizungumza Kiswahili. Maneno yake yenyewe yawekwe ndani ya alama za kunukuu, na pale mwanafunzi anapoyaeleza kwa maneno yake, bado aseme yametoka kwa nani.

Ninawaomba walimu wanaoketi kwenye jury za TFC: kabla ya kutoa pointi, muulizeni mwanafunzi alizungumza na nani, wapi, lini, kwa lugha gani, nani alitafsiri, na kama aliomba ruhusa. Asiyeweza kujibu msimpitishe, hata kama Kifaransa chake kimenyooka. Arudi kijijini aanze upya, kama vile mngemrudisha maktaba aliyenukuu kitabu asichokisoma.