PIKAPU YETU ISIPIGWE UBAO

Pikapu ya chama, ile Hilux ya mwaka 1984, kila mmoja wetu anaifahamu. Imebeba kahawa, mbolea, wagonjwa na hata maharusi. Injini bado nzima. Lakini tangu masika yaanze, kioo cha mlango wa kushoto kimezama ndani ya mlango na hakipandi. Juzi alikaa pale mama mjamzito akipelekwa hospitali usiku, mvua inamwagika, amejifunika turubai la kuanikia kahawa. Siku nyingine mfuko wa stakabadhi za mizani ulilowa, wino ukatoka, karani akashinda siku mbili nyumba kwa nyumba akiuliza nani alileta kilo ngapi. Stakabadhi ikifutika, jasho la mtu ndilo limefutika.

Mkutanoni yalitoka mawazo mawili. Wa kwanza walisema dirisha lipigwe ubao, yaishe. Wa pili walisema gari limezeeka, liuzwe, tutafute lenye vioo vya umeme. Sisi waandishi wa ukuta huu hatukubaliani na wote wawili.

Ubao kwanza. Dereva atakionaje kioo cha kuangalia nyuma cha upande ule? Na kitasa cha ndani cha mlango ule, kama mjuavyo, hakifanyi kazi. Abiria hutoa mkono dirishani akafungulia kwa nje. Tukishapiga ubao, siku gari likiteleza likaingia mtoni mtu atatokea wapi?

Vioo vya umeme navyo vinapandishwa na mashine, ila imeongezewa mota, swichi na nyaya. Vikikwama anatafutwa fundi umeme mwenye kipimo. Hii yetu ukiifungua unaiona yote kwa macho. (Wazee watasema Land Rover za zamani zilikuwa bora, vioo vyake vilisukumwa kwa pembeni tu, hakuna mashine. Kweli, lakini hatuna Land Rover.)

Ndani ya mlango mna nini basi? Ukizungusha kishikio, gurudumu dogo la meno linasukuma kipande kikubwa chenye meno, nacho kinainua vyuma viwili vilivyopishana kama mkasi. Kwenye ncha za vyuma hivyo kuna magurudumu madogo ya plastiki, yanatembea ndani ya reli iliyoshika kioo kwa chini. Vumbi la kiangazi likiingia, grisi ya zamani inageuka udongo na kioo kinakuwa kizito. Mtu anazungusha kwa nguvu, mwingine anakisukuma kwa kiganja, kioo kinakaa upande, gurudumu linakatika. Siyo kosa la aliyeitengeneza, miaka 40 ni mingi. Dereva amechungulia kwa tochi: vyuma vizima, meno mazima, gurudumu moja tu ndilo limekatika. Kitu cha ukubwa wa kifungo cha koti, ndugu zangu, ndicho kinataka kutuuzia gari!

Kazi yenyewe inataka utulivu kuliko nguvu. Kishikio kimebanwa na kipini cha waya kilichojificha nyuma yake, na wasiojua hukipiga nyundo mpaka kikavunjika. Pitisha kitambaa nyuma ya kishikio, kivute huku na huku, kipini kitaruka chenyewe. Mtu awe tayari kukidaka, maana kikiingia kwenye nyasi ndiyo basi. Ukishabandua ubao wa ndani wa mlango, ile karatasi ya nailoni isitupwe. Ndiyo inayozuia maji yasimfikie abiria. Kabla ya kulegeza bolti, kioo kiinuliwe mpaka juu na kukazwa kwa kabari, kwani kikianguka kinamwagika chote kama chumvi ya mawe. Na springi iliyojikunja kama konokono asiiguse mtu. Imejikaza, inaweza kuvunja vidole.

Gurudumu litafutwe maduka ya spea mjini, au litolewe kwenye mashine ya kioo ya gari lililokufa. Grisi ipakwe kwenye meno na reli tu. Oili chafu ya injini, ambayo baadhi yetu wameifanya dawa ya kila ugonjwa, isimwagwe kwenye mpira kinamopita kioo: inaulainisha mpira na kukusanya vumbi. Maji ya sabuni yanatosha. Matundu ya chini ya mlango yazibuliwe pia, maji yasilale mle yakala bati.

Tunaiomba kamati itoe fedha ya gurudumu na kopo moja la grisi wiki hii, si baada ya msimu. Mlango wa kulia ufunguliwe siku hiyohiyo, na vijana waitwe waone. Anayeng'ang'ania ubao ampe karani maoni yake kwa maandishi, nasi tutayabandika hapahapa ukutani.